Majina ya wafungwa: misimu inayodumu kuliko kifungo

Mfungwa amalizapo adhabu yake hurudishiwa nguo zake, lakini jina alilopewa akiwa ndani aghalabu hutoka naye. Kiswahili hakina neno moja la kumwita. Husemwa "mfungwa wa zamani", kifungo kikiwa kingalimo jinani. Wamarekani humwita "ex-con", Wafaransa "ex-taulard", kutokana na "taule", neno la mitaani la jela.

Wetu wamelirithi "nyapara", aliyekuwa msimamizi wa wapagazi katika misafara, na ambaye gerezani ni mfungwa anayewasimamia wenzake. "Mahabusu", lenye asili ya Kiarabu, ni mtu anayengoja hukumu. Mitaani huitwa mfungwa vilevile, na kosa hilo si dogo, kwani mahakama huenda ikamwona hana hatia.

Wafaransa wana neno zito zaidi: "bagnard", mfungwa wa kazi ngumu. Chimbuko lake ni "bagno" la Kiitaliano, yaani bafu. Msomaji asicheke, gereza letu nalo latokana na "igreja" la Kireno, yaani kanisa. Wafungwa hao walianza kupelekwa koloni la Guyane, Amerika ya Kusini, mwaka 1852. Kwa sheria ya mwaka 1854, aliyehukumiwa chini ya miaka 8 alilazimika, baada ya kifungo, kubaki huko kwa muda mwingine kama huo. Wa miaka 8 au zaidi alibaki maisha. Mtu huyo aliitwa "libéré", yaani aliyeachiliwa. Sijui kejeli inayoipita hiyo.

Katika kambi za Kisovieti, makarani walifupisha neno "zaklyuchonny", mfungwa, likawa "z/k" majaladani. Wafungwa wakalitamka "zek" na kujiita hivyo wenyewe. Aleksandr Solzhenitsyn, aliyekuwa kizuizini na kambini tangu 1945 hadi 1953, alilieneza duniani kwa kitabu chake juu ya Gulag kilichoanza kuchapishwa Paris mwaka 1973.

Jina laweza pia kugeuka. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilihamishia Australia wafungwa wapatao 160,000. Kwa vizazi kadhaa familia nyingi zilificha kwamba babu yao alikuwa "convict". Siku hizi wajukuu huyapekua majalada ya kale wakimtafuta, na wampatapo huwatangazia jirani kwa fahari.