Elton John na ziara iliyopangwa na kupanguliwa

MWANAMUZIKI nyota wa Uingereza, Elton John, alipotangaza jijini New York mnamo Januari 24, 2018 kwamba angestaafu kufanya ziara, mpango wake ulikuwa rahisi kueleweka. Angetumbuiza katika maonyesho zaidi ya 300 kwa muda wa miaka mitatu hivi, kisha arejee nyumbani kuwalea wanawe wawili.

Safari hiyo, iliyopewa jina Farewell Yellow Brick Road, ilianzia mjini Allentown, jimbo la Pennsylvania, Marekani, Septemba 8, 2018. Hata hivyo, ilifika tamati Julai 8, 2023 jijini Stockholm, Uswidi. Miaka mitatu iligeuka kuwa karibu mitano. Yaliyojiri katikati yanaonyesha wazi jinsi ziara ya kimataifa inavyopangwa, inavyopanguliwa, na ni nani hubeba mzigo tarehe zinapobadilika.

Ratiba ni mnyororo

Ziara ya aina hii hupangwa mwaka mzima au zaidi kabla ya shabiki kuuziwa tiketi ya kwanza. Waandalizi hutafuta kwanza kumbi na viwanja vilivyo wazi, kazi ambayo si rahisi. Kumbi nyingi za Amerika Kaskazini hutumiwa pia na timu za mpira wa vikapu na hoki ya barafuni, ambazo ratiba zao hazisongezwi kwa sababu ya mwimbaji.

Majira nayo yana usemi. Maonyesho ya viwanja visivyo na paa hufanyika Ulaya kati ya Mei na Septemba kunapokuwa na joto. Nchini Australia na New Zealand, msimu huo huangukia mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo, onyesho la uwanjani likikosa nafasi yake, mara nyingi halisogei kwa wiki mbili tu, bali husukumwa hadi mwaka unaofuata.

Kisha kuna mizigo. Jukwaa, taa, vipaza sauti na ala husafirishwa kwa malori kutoka mji hadi mji, na kwa meli au ndege kutoka bara hadi bara. Miji hupangwa kwa kufuata njia ya mizigo hiyo. Pete moja ya mnyororo huu ikikatika, zote zinazofuata hutikisika.

Mapigo yaandamana

Pigo lililotikisa ziara nzima lilikuja mapema mwaka wa 2020. Baada ya maonyesho ya Australia mwezi Machi, janga la Covid-19 lilifunga kumbi kote ulimwenguni. Maonyesho ya Amerika Kaskazini yalisukumwa hadi 2022, na yale ya Uingereza na bara Ulaya hadi 2021.

Hata tarehe hizo mpya hazikudumu. Septemba 2021, Elton John alieleza kwamba alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, na kwamba alihitaji kufanyiwa upasuaji. Maonyesho ya Ulaya yakaahirishwa tena, safari hii hadi 2023. Mwimbaji huyo alirejea jukwaani mjini New Orleans Januari 19, 2022, lakini siku chache baadaye maonyesho mawili ya Dallas yaliahirishwa alipopatikana na virusi vya corona.

Hapo ndipo tofauti kati ya ziara na biashara nyingine inapojitokeza. Lori likiharibika hukodishwa jingine, na mpiga ngoma akiugua hutafutwa mwenzake. Sauti na mwili wa nyota havina mbadala.

Kisa cha Auckland

Hakuna walioonja adha hiyo kuliko mashabiki wa Auckland, New Zealand. Februari 16, 2020, katika uwanja wa Mount Smart, Elton John aliwaambia kwamba alikuwa ameugua nimonia. Alijikaza kuimba hadi sauti ikamkauka, akasaidiwa kuondoka jukwaani kabla ya kumaliza. Maonyesho mawili yaliyosalia yaliahirishwa hadi Januari 2021, kisha, mipaka ya nchi hiyo ilipofungwa kwa ajili ya janga hilo, hadi Januari 2023.

Hatimaye siku ikawadia. Jioni ya Januari 27, 2023 watu walikuwa wamekwishaanza kuingia uwanjani mvua ilipofurika jijini. Onyesho lilifutiliwa mbali muda mfupi kabla ya kuanza, na la siku iliyofuata likafutwa vilevile. Aliyetunza tiketi yake kwa miaka mitatu alirudi nyumbani akiwa ameloa.

Kwa kawaida, onyesho likiahirishwa, tiketi hubaki halali kwa tarehe mpya, na asiyeweza kuhudhuria hupewa muda wa kudai fedha zake. Likifutwa, hurejeshewa. Lakini kinachorudishwa ni bei ya tiketi. Nauli, malipo ya hoteli na siku za likizo zilizotumika hubaki kuwa hasara ya shabiki. Waandalizi hukata bima dhidi ya kuvunjika kwa maonyesho, ingawa tangu 2020 kampuni nyingi za bima zimeondoa magonjwa ya kuambukiza katika mikataba yao. Shabiki wa kawaida hana kinga kama hiyo.

Kwa waandalizi, subira ilizaa matunda. Ziara ilikamilika kwa maonyesho 330, ikauza tiketi zaidi ya milioni sita na kuingiza zaidi ya dola 900 milioni, rekodi iliyovunjwa baadaye mwaka huohuo na Taylor Swift. Waliosubiri Liverpool na Stockholm walimwona nyota wao.

Wahenga walisema binadamu hupanga, Mungu hupangua. Anayenunua tiketi ya ziara ya mbali ataisoma tarehe iliyochapishwa kama ahadi njema, lakini ni busara asome pia masharti yaliyo chini yake kwa herufi ndogo kabla ya kulipa nauli.