Ukoo wa Dugu na Viti Vitatu vya Enzi: Ndoa na Mamlaka katika China, 557–618

Historia ya nasaba za kifalme za China huhesabiwa kwa jina la baba. Hesabu hiyo huuficha ukoo wa Dugu. Dugu Xin, jemadari wa dola ya Wei ya Magharibi, alikuwa miongoni mwa makamanda walioitwa Nguzo Nane za Dola. Binti zake watatu waliolewa katika koo za kijeshi za Yuwen, Li na Yang. Ndoa hizo hazikumwokoa: mwaka 557 Yuwen Hu, aliyeshika hatamu za Zhou ya Kaskazini, alimlazimisha kujiua. Hata hivyo, mwaka huohuo mkwewe Yuwen Yu alitawazwa. Mwaka 581 mkwewe mwingine, Yang Jian, mume wa Dugu Qieluo, aliasisi nasaba ya Sui. Mwaka 618 Li Yuan, mjukuu wa Dugu Xin, aliasisi Tang baada ya Yang Guang, mwana wa mama yake mdogo Qieluo, kuuawa na askari wake mwenyewe. Kwa hiyo, jina la watawala lilibadilika, lakini kiti cha enzi kilibaki kwa wajukuu wa mzee mmoja.