Sumu ya Muhogo na Dagaa wa Ziwa: Tafakuri ya Kihistoria kuhusu Uhariri wa Jeni, Kigoma na Ujiji

Ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka ni chakula kilichozoeleka Kigoma na Ujiji. Makala hii inadai kuwa mlo huo ni zao la historia ndefu ya kudhibiti sumu, na kwamba mjadala wa uhariri wa jeni hauna budi kuanzia hapo.

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, nao ukaenea bara hatua kwa hatua. Katika kitabu chake cha mwaka 1857, miaka 12 kabla hajafika Ujiji, Livingstone alieleza namna Walunda walivyouloweka muhogo mchungu kwa siku kadhaa ili kuutoa sumu.

Sumu hiyo ni sianidi. Muhogo unapolowekwa na kukaushwa, sehemu kubwa ya sianidi hupotea majini na hewani. Inayosalia, mwili huigeuza kuwa thiosianati kwa kutumia salfa itokanayo na protini, mathalani ya samaki. Hivyo basi, mama aliyeloweka muhogo na mvuvi aliyetega dagaa usiku walitimiza kazi moja pasipo kuijua.

Nguzo hizo zinapoanguka, madhara huwa makubwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na bila tiba. Chanzo chake ni muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, ukaliwa pasipo protini ya kutosha.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichapisha matokeo ya kuzima jeni mbili za muhogo, CYP79D1 na CYP79D2. Mimea iliyozimwa zote mbili haikuwa tena na sianidi. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, wakulima wengi Afrika hupanda muhogo mchungu kwa hiari, kwani uchungu huwazuia wezi, nyani na nguruwe pori. Kuiondoa sumu ni kumwondoa pia mlinzi wa shamba. Aidha, jeni zilizozimwa haziongezi protini katika sahani.

Mwaka 2024, serikali ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo inakumbusha kwamba nguzo ya samaki nayo hutikisika. Kwa msingi huo, makala inahitimisha kuwa muhogo uliohaririwa unaweza kuwa nguzo ya tatu, lakini si mbadala wa mbili za kwanza. Na wanawake wanaouloweka muhogo washirikishwe kabla mbegu haijachaguliwa.