Kelele zetu zilirekodiwa Kampala

Nilimchezea matha albamu ya Duma akiwa jikoni, akaniuliza kama simu imeanguka kwa maji. Nikamwambia hapana, huyo ni msee wa Nairobi anapiga nduru, na mwenzake ako nyuma na gita na kompyuta. Akatingisha kichwa, akarudia sufuria yake. Simlaumu. Lakini hiyo albamu ya 2020 ilinipa swali ambalo bado linanisumbua: mbona vijana wa Nairobi waende kurekodi Kampala?

Jibu ni lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes. Cheka kwanza, nangoja. Sisi tukisikia hilo jina tunajua akili inaenda wapi, lakini kwa Waganda ni ile hamu ya ghafla inayokushika mpaka unasimama ucheze. Na Duma pia si yule mnyama wa mbio. Inatoka kwa neno la Kikuyu la giza.

Ilianza na party. Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliohamia Kampala, walikuwa wanafanya usiku wa muziki ulioitwa Boutiq Electroniq. 2015 wakaanzisha tamasha Jinja, kando ya mto Nile, kisha lebo ikafuata. 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, akalipiga tamasha marufuku siku chache kabla lianze, halafu marufuku ikaondolewa. Hiyo ndiyo ilifika kwenye habari. Mimi naona kazi kubwa ilikuwa kwa kaseti.

Chukua Sounds of Sisso, ya 2017. Ni mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Prodyuza anakata kipande cha taarab au ngoma, anakizungusha, anakikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika. Hausi ya kawaida iko kama 120, kwa hivyo piga hesabu. Vifaa ni kompyuta ya kawaida na programu ambazo dijei yeyote wa mtaa anazo.

Sasa kuna watu hupenda kusema lebo "iligundua" singeli. Manze, hapana. Watu wa Manzese walikuwa wanaikesha kwa vigodoro kabla mtu yeyote wa Ulaya ajue kuitamka. Kilichokosekana ni rekodi yenye jada, jina la aliyetengeneza na mwaka. Bila hivyo wimbo unaishi kwa simu ya mtu, na simu ikiibiwa, wimbo umeenda.

Mfano unaoniuma zaidi ni Otim Alpha wa Gulu. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliacha watu bila kitu, na kulipia kikundi kizima cha wapigaji kwa harusi kukawa mzigo. Yeye na prodyuza Leo Palayeng wakahamisha ngoma za harusi za Kiacholi kwa kompyuta, mtu mmoja na mashine mahali pa kikundi. Wenyewe walikuwa wanatafuta njia harusi iendelee. Gulu City Anthems ilipotoka 2017, wakosoaji wa nje wakaiita muziki wa kesho. Huko Gulu watu walikuwa wameicheza miaka.

Lebo ikazaa tawi, Hakuna Kulala, la muziki wa klabu. 2018 Slikback, Mkenya, akatoa Lasakaneku hapo. Sisi tulikuwa wapi? Redio zetu zilikuwa bize na nyimbo zilezile kumi.

Naskia wanaouliza kwa nini wageni ndio wanashika ghala la sauti zetu. Swali ni halali, na silikimbii: mwenye lebo ndiye huchagua nini kitoke. Lakini siwezi kuwakasirikia waliofungua mlango wakati sisi hatukuwa hata na mlango. Na mambo yanasonga. Spikeheart, yule wa nduru za Duma, 2024 alitoa The Adept kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni kitukuu cha Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau. KMRU naye anatengeneza muziki wa sauti za mazingira, na ndiye pia ameshughulikia kurudisha sokoni nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, yule wa benga.

Mimi nilikuwa na nafasi yangu. Nikiwa chuo, kuna jirani alikuwa akitengeneza biti za ajabu kwa laptop yangu usiku, kwa sababu yake ilikuwa imekufa. Nilipoacha masomo nikauza hiyo laptop nilipe kodi ya keja. Sikuhamisha chochote. Mwezi uliopita alinipigia kuuliza kama bado niko na zile faili. Nilimwambia nitaangalia.