Difu, Vumbi na Sisi wa Riruta

Kila nikiweka video ya magari ya rimoti, lazima kuna msee ataniuliza: "Gari langu linalia krrr likikata kona, niweke mota kubwa?" Jibu langu ni lile lile. Wacha mota. Fungua difu uone vile mchanga umekaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Najua wengi wenu hamko hapa kusoma historia. Lakini hii inahusu pesa yako, so vumilia kidogo. Sisi tumezoea kusikia historia ya gari kama hadithi ya mbio: nani alikuwa na injini kubwa, nani alivuka kilomita mia mbili kwa saa. Mimi naiona tofauti. Kwa watu wanaoishi juu ya udongo kama wetu, historia ya gari ni historia ya kuzuia vitu visiingie mahali havifai kuingia.

Tuanze na hiyo difu yenyewe. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Mkokoteni hauna shida hiyo, kwa sababu kila gurudumu linajizungukia na nguvu inatoka kwa miguu ya mwenye mkokoteni. Shida ilikuja pale injini ilipoanza kusukuma magurudumu yenyewe. Ukiyafunga mawili kwa chuma kimoja, moja litaburutwa kila kona. Mwaka 1828 Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya gari la mvuke lenye gia za kugawa mzunguko kati ya magurudumu mawili. Alikuwa fundi wa saa. Hapo mimi hucheka kidogo, kwa sababu fundi wa saa anajua kuliko mtu yeyote kwamba chembe moja ya vumbi inaweza kusimamisha mashine nzima, ndiyo maana saa ina mfuniko. Mwaka 1877 James Starley wa Coventry, Uingereza, akaweka kitu kama hicho kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Magari ya petroli yalipofika, difu ilikuwa inawasubiri.

Kitu ambacho hakikuwa tayari ni mlango. Difu lazima iwe na mafuta, na ekseli lazima itoke nje ikizunguka. Utafunga vipi tundu ambalo lina kitu kinazunguka ndani yake? Magari ya zamani yalitumia felti na ngozi. Ndiyo, ngozi ya ng'ombe. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilikuwa inatengeneza ngozi kabla ya kuingia biashara ya sili mwaka 1929, na mhandisi wake Walther Simmer ndiye aliyeipa sili hiyo jina. Kufikia 1936 walikuwa wanatumia mpira wa viwandani badala ya ngozi. Ukienda kwa duka la spea Kirinyaga Road uulize sili ya ekseli, kile kiduara cheusi chenye mdomo laini na springi nyembamba ndani, unashika mjukuu wa kazi hiyo. Ni bei ndogo na hakuna anayekiposti Instagram. Lakini bila hicho, hakuna matatu ya 46 ingefika Kawangware mara mbili.

Sasa njoo kwetu. Riruta, Kawangware, Dagoretti mpaka Kikuyu, tumekaa juu ya udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkano. Mvua ikinyesha unashika kiatu, jua likiwaka wiki mbili unageuka poda. Ukishuka upande wa Embakasi na Athi River unakutana na udongo mweusi, huo una drama yake nyingine. Poda yetu ni laini hivi kwamba haihitaji tundu kubwa. Tena difu inapumua. Ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inapanuka na kutoka. Ukizima gari inapoa, na inavuta hewa ya nje pamoja na chochote kilichosimama mlangoni. Land Rover ina kitundu maalum cha kupumulia juu ya ekseli, na watu wanaovuka mito hukiongezea bomba lipande juu, kwa sababu ekseli moto ikiingia maji baridi ghafla, inakunywa.

Hakuna mahali ulimwengu ulijifunza somo hili kwa uchungu kama hapa Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza 1953, enzi za ukoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa ikikimbizwa Pasaka, msimu wa mvua, kwa hivyo siku moja ni vumbi, kesho yake ni matope. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yakaondoka 93, na tena 7 tu ndiyo yalimaliza. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta hapa magari mapya yanayong'aa, vikarudi na orodha ndefu ya vitu vya kurekebisha. Hiyo ni elimu tuliwapa, na sijui ni lini tulitoa risiti.

Halafu kuna Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, mtoto wa mwenye gareji, na kabla ya umaarufu alifanya kazi ya chama cha wenye magari, kupita barabarani akiokoa waliokwama. Yaani alikuwa makanika kwanza, dereva baadaye. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla yao. Kwa lugha yetu, mtumba. Waliondoka namba 1, na watu wakasema ni bahati. Sawa, bahati ipo. Lakini kuondoka wa kwanza maana yake hakukuwa na gari mbele la kuwarushia vumbi wala kuwachimbia matope. Alishinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda mara tatu. Mimi siamini ni mguu wake wa kulia tu ulioshinda. Mtu aliyetoa magari ya watu kwa mtaro anajua kila tundu ambalo uchafu hupitia.

Na isidhaniwe ni mambo ya wazee. Mbio zilipokuja na ubingwa wa dunia tena, Juni 2021 Naivasha, Kalle Rovanperä wa Ufini alikwama na Toyota yake kwa mchanga laini siku ya Ijumaa. Gari la ubingwa wa dunia, wahandisi, kompyuta, na poda ya Bonde la Ufa ikamkalisha.

Wakati wazungu wanaandikiwa vitabu juu ya haya, mafundi wetu walikuwa wanafungua difu chini ya jua. Jina jua kali lilitoka hapo hapo, kwa watu wa Kamukunji na kwingineko wanaofanya kazi bila paa. Rais Moi aliwatembelea Kamukunji 1985 na kuahidi vibanda. Ahadi ya kivuli ni nzuri, lakini fikiria ujuzi uliokuwepo kabla ya kivuli. Simama kwa gareji yoyote ya Naivasha Road uangalie. Fundi anatandika gunia au karatasi ya kartoni, anapanguza nje ya difu kabla ya kugusa boliti hata moja. Gasketi ikiisha, anaweka karatasi ngumu juu ya mdomo wa chuma na kuigonga polepole na nyundo pembeni mpaka ukingo wenyewe unaikata. Dakika kumi, gasketi sawasawa. Hiyo ni teknolojia ya usafi, kwa uwanja wa vumbi.

Magari ya rimoti yalipitia njia hiyo hiyo kwa udogo. Tamiya ya Japani ilitoa Porsche 934 yake ya rimoti mwaka 1976, gari la kukimbia kwa lami safi. Mwaka 1979 wakatoa Rough Rider na Sand Scorcher za kukimbia mchangani, na wakalazimika kufungia redio ndani ya boksi la plastiki lililozibwa vizuri. Kipindi hicho hicho Mwingereza Cecil Schumacher, aliyewahi kuwa mhandisi wa gia kule Cosworth, akaleta difu ya vimpira: vimpira vidogo vya chuma kati ya sahani mbili, vinashikana kwa msuguano, unakaza kwa skrubu. Kwa zulia la ukumbini ni tamu sana. Lakini kwa sababu inategemea msuguano, huwezi kuijaza mafuta mazito yakusaidie. Ikiingia punje za mchanga, sahani zinachorwa na kila kitu kinasaga. Kwa uwanja wa Riruta, hapana. Chukua difu ya gia iliyofungwa, yenye gasketi na o-ringi, iliyojazwa mafuta ya silikoni.

Shida ni kwamba wengi wetu hatununui hizo. Tunanunua Toi au Gikomba, gari limekuja kwa mtumba, mara nyingi bila rimoti, na ndani ni gia za plastiki zilizo wazi zenye grisi kidogo nyeupe. Grisi kwa gia iliyo wazi ni mtego. Inashika vumbi, na grisi iliyoshika vumbi ni msasa. Kila kona unajisugulia gia zako mwenyewe, halafu unasema gari ni feki. Gari si feki. Liliundwa kwa sakafu ya nyumba ya mtu mwingine.

So fanya kama makanika. Brashi kavu nje kwanza, gari likiwa bado limefungwa. Usioshe plastiki na petroli, inaiharibu na inavimbisha mpira. Sabuni, maji ya vuguvugu, na ukaushe kabisa. Kata gasketi ya karatasi kwa mdomo wa kiboksi. Pale ekseli inatokea, jaribu kiduara cha felti ya kofia kuukuu kilicholoweshwa mafuta kidogo, vile magari ya babu zetu yalikuwa. Redio iingize ndani ya puto, funga shingo. Mwenye beringi za kubadilisha achukue zenye mfuniko wa mpira, si zile za bati pekee. Zinazunguka kwa uzito kidogo lakini zinafunga mlango. Na ukimaliza kukimbiza, usiliache gari moto chini kwa vumbi lipoe hapo. Liinue, liweke juu ya kitu safi.

Kisha shika gia kubwa isizunguke, zungusha gurudumu la kushoto mbele. Kama la kulia linarudi nyuma polepole, bila krrr, kaza skrubu za mwisho, tupatane uwanjani Jumamosi.