Roboti wa Kuchezea na Maksai wa Udongo

Hakuna taifa duniani ambalo watoto wake hawana vitu vya kuchezea. Penye mti, mtoto huchonga; penye udongo, hufinyanga; pasipo mti wala udongo, huokota mawe akayapa kazi. Watu wazima huyatazama mambo hayo wakacheka, wakadhani ni upuuzi wa utoto. Lakini msomaji mwenye busara hatayapita upesi. Katika mchezo wa mtoto mna alama ya yale yanayoheshimiwa na wazazi wake, na historia ya kitu kidogo cha kuchezea yaweza kutufundisha mengi juu ya biashara, sheria na fasihi.

Katika maduka ya Kenya, tangu Mombasa hata Lodwar, mji mkuu wa Turkana ulio kando ya mto Turkwel, huuzwa mikoba ya shule na fulana zilizopigwa picha za mashujaa wa sinema za kigeni. Miongoni mwa mashujaa hao yuko mmoja wa ajabu: mtu wa chuma anayejikunja akawa lori, kisha akajikunjua akawa mtu tena. Jina lake ni Optimus Prime, na kundi lake huitwa Transformers, yaani wenye kugeuka umbo. Sasa ondoka Lodwar, ufuate njia iendayo kaskazini-magharibi kwa mwendo wa kilomita 120 hivi, ufike Kakuma. Huko utaona mtoto akivuta lori alilolitengeneza mwenyewe kwa bati la mkebe, waya na vifuniko vya chupa. Malori haya mawili ni ndugu kwa sura. Hata hivyo moja lina hadithi inayojulikana ulimwengu mzima, na la pili halijulikani nje ya uwanja wa nyumba yao. Je, msomaji, tofauti hiyo imetoka wapi? Ni ubora wa bati na plastiki, au ni kitu kingine? Ili tupate jibu, yatupasa kwanza kufuata safari ya yule mtu wa chuma.

Asili yake ni Japani. Kampuni ya Takara ya Tokyo ilikuwa ikiuza wanasesere wakubwa, wenye urefu wa sentimita 30 hivi. Mwaka 1973 vita vilipigwa Mashariki ya Kati, na bei ya mafuta ya petroli ikapanda ghafula. Plastiki hutokana na mafuta hayo, nayo ikawa ghali. Mwaka uliofuata, 1974, Takara ilitoa wanasesere wapya walioitwa Microman, wenye urefu wa sentimita 10 tu. Hivyo vita vya mbali vilimpimia mtoto wa Tokyo urefu wa mwanasesere wake. Mwaka 1980 ilifuata jamii nyingine, jina lake Diaclone, na baada ya miaka miwili mafundi wakaingiza humo magari yanayogeuka kuwa roboti. Ufundi wao ulikuwa wa kusifiwa sana. Lakini roboti hao hawakuwa na nafsi. Walikuwa vyombo tu, na ndani yao alikaa mtu mdogo wa kuwaendesha, kama dereva akaavyo ndani ya gari.

Mwaka 1983 wajumbe wa kampuni ya Hasbro ya Marekani waliviona vitu hivyo katika maonyesho ya Tokyo, wakapatana na Takara ili waviuze kwao. Hasbro walijua ya kuwa kitu kisicho na hadithi huchezewa leo kikatupwa kesho. Kwa hiyo waliwaendea Marvel, wachapishaji wa majarida ya katuni wa New York. Jim Shooter, mhariri mkuu, alitunga kisa cha sayari ya mbali iitwayo Cybertron, ambako makundi mawili ya roboti yalipigana vita vya miaka mamilioni mpaka vita vikafika duniani kwetu. Denny O'Neil alimpa kiongozi wa kundi jema jina la Optimus Prime. Kisha Bob Budiansky alikabidhiwa kazi ya kuwapa majina karibu wote waliosalia, na kumwandikia kila mmoja tabia yake: huyu mwoga, huyu mwenye kiburi, yule mpenda mzaha. Yule dereva mdogo akaondolewa, na roboti akaanza kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Tafakari jambo hili, msomaji. Plastiki ilikuwa ile ile, na vyuma vilikuwa vile vile. Kilichoongezwa ni jina, tabia na kisa. Lakini mwaka 1985 vitu hivyo vilipouzwa tena Japani, nchi yao ya kuzaliwa, vilirudi na jina la Kimarekani na hadithi ya Kimarekani. Vilikwenda ng'ambo bubu, vikarudi vikisema lugha ya aliyevitungia maneno.

Mwaka 1984 hadithi ilitoka kwa njia tatu pamoja: vitu vyenyewe madukani, jarida la katuni, na mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa mwezi Septemba. Jarida liliendelea mpaka mwaka 1991 na kufikia matoleo 80. Mchezo wa televisheni uliishia mwaka 1987, baada ya vipindi 98. Lakini haitoshi kusema kwamba hadithi ilipendwa. Ni lazima tujue pia ni mlango gani uliofunguliwa ili ipite. Mwaka 1969 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia redio na televisheni ilikikemea kipindi kimoja cha katuni juu ya magari ya kuchezea ya Hot Wheels. Tume iliona ya kuwa kipindi hicho kilikuwa tangazo la biashara lililovishwa nguo za hadithi. Mwaka 1984 tume hiyo hiyo iliondoa mipaka iliyokuwa imewekwa juu ya wingi wa matangazo, na wafanyabiashara wakapata nafasi. Mwaka 1990 bunge la Marekani lilitunga sheria ya kurudisha mipaka katika vipindi vya watoto, lakini kizazi kimoja kilikuwa kimekwisha kulelewa na hadithi zilizoagizwa na wenye maduka.

Ubaya na uzuri wa mambo hayo vilionekana pamoja mwaka 1986. Mwaka huo ilitoka filamu ya katuni ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na ndani yake Optimus Prime aliuawa. Kwa nini shujaa auawe? Si kwa sababu kisa kilidai hivyo. Wanasesere wa mwaka 1984 walikuwa wamekwisha kuuzwa, na rafu za maduka zilitaka nafasi ya wapya. Lakini watoto hawakuona bidhaa ikiondolewa rafuni. Waliona baba akifa. Walilia katika majumba ya sinema, na malalamiko yalikuwa makubwa hata mwanzoni mwa mwaka 1987 shujaa huyo akafufuliwa katika televisheni. Hapo mwenye duka alitambua ya kuwa hadithi ikiisha kuingia moyoni mwa msikilizaji si mali ya aliyeitunga peke yake.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Mwaka 1996 roboti hao walirudi katika televisheni wakiwa na maumbo ya wanyama, na picha zao zilitengenezwa kwa kompyuta huko Vancouver, Kanada. Mwaka 2007 Michael Bay alitoa filamu yenye waigizaji wa kweli pamoja na roboti wa kompyuta. Filamu za mwaka 2011 na 2014 zilipata kila moja zaidi ya dola milioni 1,000, na mwaka 2024 ikatoka nyingine ya katuni iitwayo Transformers One. Basi kitu kimoja cha plastiki kimepita katika jarida, televisheni, sinema na kompyuta. Mwili umebadilishwa mara nyingi, na kilichobaki bila kubadilika ni jina.

Je, twaweza kusema ya kwamba mambo haya ni mageni kabisa kwa Turkana? La, hasha. Waturkana ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na desturi yao tangu kale ni kwamba mwanamume huwa na maksai wake wa kipenzi. Mnyama huyo hakufugwa kwa nyama wala kwa kazi. Pembe zake hutengenezwa tangu ujana wake zipinde kwa namna itakiwayo, na shingoni huvikwa njuga. Mwenyewe hutwaa jina kutoka rangi au umbo la maksai wake, likitanguliwa na neno apa, ambalo maana yake ni baba. Humtungia nyimbo za kumsifu, na katika ngoma huinua mikono yake juu ikapinda kama pembe za mnyama yule. Maksai akifa, mwenyewe humwombolezea.

Na watoto je? Kabla mvulana hajapewa mnyama wa kuchunga, huokota mawe yakawa mbuzi na ng'ombe, akayajengea zizi dogo. Au hufinyanga udongo akatoa maksai mwenye pembe zilizopinda. Mchezo wake si upweke wa mtoto na udongo wake. Nyuma ya kile kipande cha udongo upo wimbo alioimba baba, ipo ngoma iliyochezwa na kaka, lipo jina linaloheshimiwa na watu. Tazama basi: shujaa mmoja apatikana katika mwili wa mnyama, katika jina la mtu, katika wimbo, katika ngoma, na katika kitu cha kuchezea. Kilichofanywa na wafanyabiashara wa Tokyo na New York kwa majarida na televisheni, wazee wa Turkana walikuwa wamekifanya zamani bila karatasi wala umeme.

Hata hivyo usidhani mambo hayo mawili ni sawa kwa kila njia. Maksai wa Turkana hana kampuni. Kila kijana hutunga wimbo wake mwenyewe juu ya mnyama wake mwenyewe. Hanunui wimbo, wala hangoji mtu wa mbali amwambie shujaa wake atakufa lini. Mtaalamu Mwingereza P. H. Gulliver, katika kitabu alichokichapa mwaka 1955 juu ya Waturkana na Wajie wa Uganda, alieleza jinsi mifugo inavyofunga watu katika udugu kwa kupeana na kugawana. Basi hadithi ya maksai huwaunganisha watu wanaojuana, na hadithi ya roboti huwaunganisha watu milioni wasiojuana. Ya pili ina nguvu ya kuenea. Ya kwanza ina heshima ya kuwa kila mtu ni mtungaji.

Nguvu ya hadithi bila mwili ilidhihirika sana Kakuma. Mji huo mdogo uko kando ya mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mwaka 1992 ilifunguliwa kambi huko kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya vijana na watoto waliotengana na wazazi wao, waliokuwa wamekwenda kwa miguu mpaka Ethiopia na kurudi kabla ya kufika Kenya. Wengi wao walikuwa Wadinka na Wanuer, watu ambao nao, kama Waturkana, humpenda maksai wakamtungia nyimbo. Ng'ombe wao walikuwa wameporwa au kuachwa nyuma. Lakini wimbo haupigwi risasi, wala hauzuiliwi mpakani. Aliyekuwa ameujua alifika nao Kakuma, ilhali mnyama mwenyewe hakuwapo.

Tangu mwaka 2001 shirika liitwalo FilmAid lilianza kuonyesha filamu Kakuma, usiku, penye uwanja wazi. Hivyo hadithi za mbali zilifika kwa watu waliokuwa wamechukua hadithi zao wenyewe vichwani. Watoto wa kambi waliendelea kutengeneza magari yao kwa mikebe ya mafuta ya kupikia iliyoletwa kama posho. Ufundi wao haukuwa haba. Fundi wa Tokyo alianza na plastiki mpya. Mtoto wa Kakuma alianza na takataka, akatoa gurudumu linalozunguka.

Sasa twaweza kulijibu lile swali la kwanza. Lori la Kakuma halikushindwa na lori la Optimus Prime kwa ufundi, wala kwa uzuri wa vifaa. Lilipungukiwa na mtu wa kulipa jina na kuandika kisa chake. Kisa hicho kingeweza kueleza lori lilikotoka, linakokwenda, limebeba nini, na dereva wake anamtafuta nani ng'ambo ya mto Tarach. Kwa watoto waliopotewa na ndugu zao, kisa kama hicho kisingekuwa mchezo tu.

Nawe msomaji kijana, usichukie hadithi za wageni. Zisome na uzitazame, ujifunze jinsi zilivyojengwa, maana asiyejua alivyofanya jirani hawezi kushindana naye. Lakini usikae umeridhika kuwa msikilizaji siku zote. Vitu unavyoviona kila siku kwenu, lori la bati, maksai wa udongo, mwanasesere wa mti, havikunyimwa thamani, vinangoja maneno. Ukivinyamazia, siku moja atakuja mtu wa mbali mwenye kalamu, atavipa jina alitakalo, akuuzie. Asiyekipa kitu chake jina hukinunua kwa jina la mwingine.