Uhai wa Mama na Uhai wa Mimba

Wahenga walisema kuwa msema pweke hakosi. Maana yake ni kwamba mtu asemaye peke yake hujiona ana haki siku zote, kwa kuwa hapana wa kumjibu. Katika nchi yetu pana shauri moja ambalo kila upande hupenda kulisema peke yake, nalo ni shauri la kutoa mimba. Nakuomba, msomaji, ufuatane nami tuitazame historia ya shauri hili, tukilitazama hasa kutoka Lodwar na Kakuma, huko Turkana. Ukisha kuzisikia pande zote mbili utaweza kufikiri mwenyewe.

Kabla ya sheria ya serikali kufika, Waturkana walikuwa na sheria yao. Mwanamume aliyempa mimba binti asiyeolewa alitozwa mifugo, ikapewa jamaa ya binti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari kutolewa alihesabiwa katika nyumba ya babu yake mzaa mama, akawa na ukoo na jina. Kwa hiyo mimba ya binti ilikuwa shauri la wazee, ng'ombe na mbuzi. Usidhani kuwa desturi hiyo iliponya kila uchungu, kwani binti mwenyewe mara chache aliulizwa alilotaka. Lakini yatufundisha kwamba watu wa zamani walijua jambo ambalo sheria nyingi za baadaye zililisahau, yaani kwamba mimba ina baba pia, na baba huyo ana deni.

Sheria ya pili ilitoka mbali. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya kutoa mimba kuwa kosa kubwa la jinai. Mawazo ya sheria hiyo yalisafiri pamoja na bendera, na mwaka 1930 yakaandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Hata leo vifungu vyake vipo: kifungu cha 158 chamtishia amtoaye mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 14, cha 159 chamtishia mwanamke mwenyewe kwa miaka 7, na cha 160 chamtishia atoaye dawa au vyombo vya kazi hiyo kwa miaka 3. Kifungu cha 240, hata hivyo, humwondolea lawama daktari afanyaye upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Wakati sheria hii ilipoandikwa, Turkana ilikuwa nchi iliyofungwa; mgeni hakuingia bila ruhusa ya serikali. Waturkana hawakuulizwa, na walio wengi hawakusikia hata habari zake.

Sasa tazama jinsi sheria inavyoweza kusogea bila neno lake moja kubadilishwa. Mwaka 1938, mjini London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Jaji alieleza kwamba kuokoa maisha ya mama si kungoja mpaka awe kufani. Daktari aweza kumkinga asiharibikiwe na mwili au akili. Bourne akaachiliwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaikubali kanuni hiyo. Mwaka huohuo Jomo Kenyatta, akisha kumaliza kifungo chake Lokitaung, alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi. Serikali ilimweka huko kwa sababu Lodwar ilikuwa mbali na kila kitu. Umbali uliomficha kiongozi wa siasa uliwaficha pia wanawake wa Turkana, wala maneno ya majaji hayakuwafikia.

Na upande mwingine usikilizwe katika habari ya Bourne huyohuyo. Miaka ya mwisho ya 1960, Uingereza ilipokuwa ikilegeza sheria yake, daktari huyo alijiunga na waliopinga, akiogopa kwamba mlango alioufungua kwa ajili ya binti mmoja ungekuwa njia kuu. Mtu mmoja, basi, alizibeba hoja zote mbili moyoni mwake.

Njaa kubwa ya mwaka 1961 ilifungua Turkana kwa wamisionari. Walikuja na chakula, wakajenga zahanati, shule na visima. Lodwar ikawa na jimbo lake la Kanisa Katoliki mwaka 1978, na Kakuma ikapata hospitali ya misheni. Mahali pengi mkono wa kwanza wa matibabu uliowafikia akina mama ulikuwa wa watawa. Waliofundisha kwamba mimba ni mtu ndio waliokesha na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Ndiyo sababu mafundisho yao yana uzito huko hata leo.

Tuzipime sasa hoja zenyewe. Wanaopinga husema hivi. Uhai huanza mimba itungwapo, na aliye dhaifu kuliko wote, asiyeweza kujisemea, ndiye anayestahili ulinzi kuliko wote. Ukiruhusu sababu moja, husema, kesho zitakuja kumi. Tena huonya kwamba mara nyingi anayetaka mimba itoke ni mwanamume aliyetenda uovu, naye hutaka kuuzika ushahidi wake. Dawa ya shida ya mama, kwa maoni yao, ni msaada: chakula, shule, jamaa za kumpokea mtoto. Miongoni mwa Waislamu wapo wanazuoni waliotofautisha mimba kabla na baada ya siku 120, lakini kwa jumla nao huona kuwa kuitoa pasipo sababu nzito ni dhambi, ila maisha ya mama yanapokuwa hatarini.

Wanaotetea ruhusa hujibu hivi. Mama naye ni uhai, tena mara nyingi uhai unaotegemewa na watoto wengine. Sheria kali haizuii kutoa mimba, bali huhamisha kazi hiyo kutoka mikono ya daktari hadi chumba cha giza. Uchunguzi wa Wizara ya Afya na watafiti, uliotolewa mwaka 2013, ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba zilizotolewa Kenya zilikuwa kama 464,000, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Mwenye fedha, husema, hupata daktari kwa siri. Maskini hupata mizizi na vyuma.

Kila upande una swali gumu la kujibiwa. Wanaopinga waulizwe: binti aliyebakwa, ambaye mimba yamharibu mwili na akili, mtamwambia nini? Wanaotetea waulizwe: mpaka uko wapi, mwezi gani, na nani atakisemea kilicho tumboni? Asiyetaka kuulizwa swali lake hajawa tayari kujadiliana.

Mabishano yalipanda mwaka 2004, vijusi 15 vilipookotwa Nairobi. Daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande karibu mwaka mzima, na mwaka 2005 mahakama ikawaachilia. Ndipo ikaja Katiba mpya. Makanisa mengi yaliipinga kwa sababu ya kifungu hiki, pamoja na cha mahakama za Kadhi. Lakini katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 wananchi waliikubali kwa kama theluthi mbili. Kifungu cha 26 kilijaribu kuridhisha pande zote. Chasema uhai huanza mimba itungwapo. Chasema kutoa mimba hakuruhusiwi. Kisha chatoa ruhusa endapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa aona matibabu ya dharura yahitajika, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine yaruhusu.

Mapatano hayo hayakumaliza ugomvi. Wizara ilitoa mwongozo kwa waganga mwaka 2012, ikauondoa mwaka 2013. Mwaka 2018 alifariki msichana aliyekuwa amebakwa, ambaye mimba yake ilitolewa mahali pasipo salama, figo zake zikaharibika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuuondoa mwongozo kulivunja haki, na kwamba mimba ya ubakaji yaweza kutolewa ikiwa mtaalamu aona afya ya mama imo hatarini. Mwaka 2022 jaji wa Malindi aliamua kuwa kuwakamata ovyo wagonjwa na waganga ni kinyume cha sheria. Hukumu hiyo nayo ikakatiwa rufani.

Sasa turudi Turkana, mahali ambapo maneno ya katiba hupimwa na jua na mchanga. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na zahanati nyingi za kaunti hiyo zina muuguzi mmoja au wawili. Yeye ndiye "mtaalamu wa afya aliyefunzwa." Mkono mmoja ana Katiba impayo uamuzi; mkono wa pili ana Kanuni ya Adhabu imtishiayo miaka 14; na moyoni ana dini yake. Akikosea upande huu, mama hufa. Akikosea upande ule, huenda gerezani, au dhamiri yake humshtaki maisha.

Kakuma mzigo huongezeka. Kambi hiyo ilianza mwaka 1992, walipofika wavulana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Ethiopia ilibadili sheria yake mwaka 2005, ikaruhusu kutoa mimba ya ubakaji. Kongo iliuchapisha Mkataba wa Maputo katika gazeti lake rasmi mwaka 2018, ukawa sheria. Kenya ilikuwa imeuridhia mkataba huohuo mwaka 2010, lakini ikakataa sehemu ihusuyo kutoa mimba. Fikiri basi binti wa umri wako, aliyebakwa njiani akikimbia vita. Akivuka mpaka, haki yake hubadilika, ingawa jeraha lake ni lilelile.

Ewe msomaji, siku moja utapiga kura, na pengine utakuwa muuguzi, hakimu, padri, shehe au mzazi wa binti. Sikulazimishi ushike upande wangu. Nakusihi mambo matatu. Usimtukane mwenye maoni mengine, kwani yeye naye anatetea uhai. Usiitaje mimba ya msichana bila kumwuliza mwanamume aliyehusika alipo. Na upande wowote uuchagulie, uhakikishe kwamba binti wa Kakuma na muuguzi wa Lodwar wataijua sheria kabla haijawahukumu.